Katuni ya Wifi Yangu

Mimi nina kijicho. Nasema mapema ili mtu asije akasoma mpaka katikati ndipo aanze kunionea huruma. Wengine hujisifu kwamba wao wivu hawaujui. Mimi naujua mpaka mahali unapokaa, hapa chini ya mbavu, na ukianza kupanda hata chai haipiti. Aliyeniamshia ni mke wa kaka yangu, binti mpole ambaye hajawahi kunikosea hata kwa kuninyooshea kidole. Angenikosea ningeshukuru, ningepata pa kuanzia.

Nilikuwa najifunza kuchora katuni zinazotembea. Mwalimu wangu alikuwa amepanga chumba Vwawa, juu ya duka la vifaa vya shule, anatengeneza vipindi vya watoto, na siku tatu kwa wiki nilitoka Tunduma asubuhi kwenda kwake na laptop yangu begani. Majirani walidhani nasomea ukatibu. Nilipowaambia ni katuni walinitazama juu mpaka chini, wakauliza, "Hayo nayo yanasomewa?" Yanasomewa, tena kwa machozi. Mwezi wa kwanza ni mpira tu: mpira udunde, mpira udunde uchoke, mpira udunde kwa furaha. Halafu kiroba cha unga. Kiroba hakina uso wala mikono, lakini unatakiwa ukifanye kihuzunike, kiogope, kijidai. Mwalimu alikuwa na wimbo wake mmoja: "Hisia kwanza, mwili ufuate, maneno mwisho." Mtu akikataa jambo, alisema, shingo inakataa kabla ya mdomo. Ukivichora vyote kwa pamoja umechora sanamu.

Basi mimi nilichora sanamu. Kuchora najua, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Tangu shule ya msingi walimu walikuwa wananiita nichore moyo na mapafu ubaoni. Mistari yangu ilikuwa safi. Lakini kiroba changu kikihuzunika kilionekana kimepungua unga tu. Mwalimu alikiangalia mara mbili akasema, "Kizuri. Ila hakina mtu ndani." Nilirudi nyumbani nimenuna mpaka mashavu yanauma.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba, ambaye alikuwa anashona maturubai ya malori pale uani, mimi, na wifi. Kaka ni dereva, anapeleka mizigo Kongo, akivuka mpaka hapo tunamsahau wiki tano, sita. Sisi ni Wandali, tumetoka Ileje, na baba alihama na mila yake kama alivyohama na cherehani. Kwa mila hiyo mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hapiti mbele yake. Akisikia anakuja, anajificha. Baba naye akikaribia mahali anakohoa, ili mwenzake apate nafasi ya kutoweka. Tunduma hii, yenye watu wa kila kabila na Wazambia wanaoingia na kutoka, majirani walituona washamba kabisa. Wifi alikuwa na mwaka wa pili mle ndani na baba hajawahi kuiona sura yake sawasawa. Maneno yao yote yalipitia kwangu. "Mwambie mboga ya leo imezidi chumvi." "Mwambie baba anisamehe." Nilikuwa nabeba maneno siku nzima ndani ya ua mmoja.

Nilimfundisha mwenyewe, kwa uvivu wangu. Kupaka rangi fremu moja moja, yaani kila picha ya mwendo peke yake, ni kazi ya kuchosha, nikamwonyesha jinsi ya kushika kalamu ya kuchorea juu ya kioo cha laptop ili anisaidie. Akapaka. Wiki ya pili akaniuliza, "Wifi, kwa nini huyu anainua mguu kabla hajataka kwenda?" Nikamwambia apake rangi, aache maswali.

Siku moja natoka kuoga, nikamkuta ameinamia laptop. Alikuwa amechora kiroba, chake mwenyewe. Kiroba kinataka kukaa karibu na viroba vingine, kinasogea, kinasita, kinajifanya kinajikung'uta vumbi, kinasogea tena kidogo. Nilicheka kabla sijajizuia, halafu nikakasirika kwa kucheka.

"Umefanyaje hapa?" nikamuuliza.

"Si kitu, wifi. Nimekumbuka tu siku nilipoletwa hapa, sikujua nikae wapi."

"Mistari yako imepinda," nikamwambia.

"Kweli, wifi. Imepinda."

Mtu akikujibu hivyo unamfanya nini? Nikaweka neno la siri kwenye laptop, nikamwambia ni agizo la mwalimu. Alinishukuru kwa muda niliompa, akaanza kuchorea kwenye simu yake, kwa kidole! Kila nikipita jikoni namwona kakaa kwenye kigoda, maji ya ugali yanachemka, kidole kinakwenda. Mimi na kalamu yangu na masomo yangu ya Vwawa nikawa natafuta sababu za kupita jikoni. Nilikuwa nachungulia, sikatai.

Kisha mwalimu akatupa zoezi: mtu anayeogopa, bila kuonyesha uso. Nilihangaika nalo siku kumi. Wifi alisikia nikilalamika, na simu yake ilipojaa akaniomba nimhifadhie kazi yake kwenye laptop. Nikaihifadhi bila kuitazama, kwa makusudi, kwa sababu nilijua nikiitazama sitalala.

Mwalimu ndiye aliyeitazama. Nilimpa laptop atafute zoezi langu, akafungua la wifi. Ilikuwa hivi: mwanamke anakuja na ndoo ya maji. Kikohozi kinasikika. Anaruka nyuma ya turubai lililoanikwa, lakini ndoo inabaki nje. Kandambili za mwanaume zinapita taratibu. Mkono unatoka nyuma ya turubai, unagusa mshikio, unavuta ndoo. Kikohozi, mkono unaganda. Ndoo inasogea tena kidogo kidogo, inanyata yenyewe. Basi. Mistari imepinda yote. Mwalimu aliitazama mpaka mwisho, halafu akanigeukia.

"Hii ndiyo. Umeipata! Nilijua utaipata."

Na mimi nilikaa sekunde kadhaa nikiwa nimeipata. Utamu wake sijausahau. Ila alinidai nimweleze nilivyoipanga, nikababaika, ikabidi niseme ni ya mke wa kaka yangu, anafua na kupika, hajasoma popote. Nilidhani hayo yatamshusha. Loh! Macho yalimtoka. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kufanya naye kazi ya vipindi vipya, kuanzia Jumatatu inayofuata, na mimi nilijua tangu mwezi uliotangulia kwamba nafasi hiyo ni yangu. "Mlete," akasema. "Akishindwa kuja, basi utaanza wewe." Akishindwa! Nilikaa kwenye Hiace kurudi Tunduma nikilirudia hilo neno.

Nilimwambia, maana mwalimu angepiga simu. Wifi aliweka mwiko chini. Alimpigia kaka, naye akajibu, "Baba akikubali mimi sina neno." Basi akanigeukia, akapiga magoti pale jikoni, kwangu mimi, akapiga makofi yale ya polepole ya heshima. "Wifi yangu, nisemee kwa baba. Sijawahi kuomba kitu katika nyumba hii."

Nikaenda kumsemea. Nilichukua laptop, nikaenda uani alipokaa baba juu ya rundo la maturubai na sindano yake kubwa, nikaiweka mbele yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nasema ukweli: nilikwenda kumchongea. Mkwe amemchora baba mkwe, kandambili zake na kikohozi chake, watu wacheke! Nilitegemea awake moto. Nikamwambia kwa sauti tamu, "Baba, wifi amekuchora. Na watu wa Vwawa wanataka akafanye kazi huko."

Baba aliangalia. Kandambili zilipopita akajisogeza mbele. Ndoo ilipoanza kunyata akatoa sauti ambayo sikuijua, kumbe anacheka. Alicheka akashika goti, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, sindano bado imo mkononi, nikaogopa asijichome. "Rudisha," akasema. Nikarudisha mara tatu. Baada ya hapo akawa anaitazama tu ile picha iliyoganda.

"Kumbe namtesa hivi," akasema. "Mwambie aende. Mwambie nimeruhusu, na kwamba nitakuwa nakohoa mapema zaidi."

Kutoka pale mpaka jikoni si mbali. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi. Malori yalikuwa yanaunguruma barabarani, hakuweza kusikia maneno, na hata angesikia kicheko asingedhani ni cha baba. Nilikuwa nimebeba neno la baba mdomoni, zima, na hakuna mtu mwingine duniani wa kulileta.

"Baba amekataa," nikasema.

Nikamwangalia. Hapo ndipo niliona, kwa mara ya kwanza maishani, kile ambacho mwalimu alikuwa anakisema. Hakulia. Aligeuka, mabega yakashuka kwanza, miguu ikabaki nyuma kidogo kama haijaambiwa, ndipo ikafuata. Akafika kwenye jiko, akasogeza sufuria ambayo haikuhitaji kusogezwa. "Ahsante wifi kwa kunisemea," akasema.

Mwalimu nilimwambia mila zetu ni ngumu. Jumatatu nikaanza kazi mimi. Na kitu cha kwanza nilichochora kikasifiwa kilikuwa mgongo: mama anayeambiwa mtoto wake hatakuja, anageuka, mabega yanashuka, miguu inachelewa. Mwalimu aliita na watu wa dukani chini waje waone. "Sasa kuna mtu ndani!" alisema. Nilifurahi kweli, sitadanganya. Nilifurahi na nikaenda kula chipsi.

Nyumbani baba alitimiza ahadi. Alianza kukohoa tangu getini, tena kwa nguvu, akitembea uani anakohoa njia nzima. Wifi akawa na wasiwasi. "Wifi, muulize baba kama kifua kinamsumbua. Nimchemshie tangawizi?" Nilipeleka tangawizi. Baba akainywa, akaniuliza kwa nini mkwe wake haendi Vwawa, nikamwambia amebadili mawazo mwenyewe. Alisikitika. "Mwambie aendelee kuchora hivyo hivyo," akasema. Hilo nalo sikulifikisha. Kaka aliporudi wifi alimwambia baba alikataa, na kaka si mtu wa kumhoji baba.

Ikapita mwaka na zaidi. Wifi aliacha kuchora. Mimi nilisema ni shughuli za nyumbani, na nililisema kwa watu ambao hata hawakuuliza. Halafu mwezi uliopita, Jumamosi mchana, tuko jikoni tunachambua maharage, akaniomba kuona kazi zangu. Nikampa simu. Alikiangalia kile kipande cha mama anayegeuka. Akakirudisha, akakiangalia tena, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Ni mimi huyu," akasema. Hakuwa na hasira. "Ila hapa umekosea, wifi. Shingo ndiyo ilianza. Siku ile nilitazama pembeni kwanza usinione."

Alikuwa sahihi. Mwaka mzima, watu wote wale wa Vwawa, na kosa lilionwa na yeye kwenye kioo kidogo huku anachambua maharage. Nilimwonea wivu hata pale, Mungu anisamehe.

Kisha akasema, "Huwa najiuliza kitu. Baba alikataaje? Mimi sijawahi kumwona akikataa. Alitikisa kichwa kabla hajasema, au baada?"

Hakuwa ananitega. Alitaka kujua tu, anavyotaka kujua kila kitu kinavyokwenda. Nikafungua mdomo nimwambie ni kabla, nikamtafuta baba kichwani mwangu nimwone anatikisa kichwa, na hakuja. Kila nikimtafuta anakuja yule yule, ameshika goti, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Nilijaribu tena. Wifi aliacha maharage, akaningoja.

"Hakukataa," nikasema. "Alicheka. Alicheka mpaka machozi, akaniambia nirudishe, nikarudisha mara tatu. Akasema uende."

Nilijua atalia au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Aliinamisha kichwa, akageuza punje moja ya maharage vidoleni.

"Alicheka wapi?" akauliza. "Kwenye kandambili au kwenye ndoo?"

"Kwenye ndoo."

Akatabasamu. Nilikuwa mbele yake lakini hakunitabasamia mimi. Halafu tabasamu likaondoka, shingo ikageuka kwanza, ndipo akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu.

"Kazi ungeichukua tu, wifi," akasema. "Lakini kicheko kile kilikuwa changu."

Akainuka na ungo wake, akatoka nje. Uani baba alikuwa anakohoa. Nilisubiri kusikia wifi akikimbilia nyuma ya nyumba, na sikusikia miguu ikikimbia.