Nilimuuliza mjomba kwa nini amemwacha muzee

Ninyi wenye ukurasa, naomba mfiche jina langu na jina la shule yangu, maana Goma si kubwa na mjomba wangu ana simu. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa pedagojia, masomo ya ualimu. Ninaishi na mama yangu kwa mjomba, mdogo wake mama, ambaye ni fundi wa kushona. Nyumba ni yake. Uniforme ninayovaa aliishona yeye. Nasema hivyo ili msimwone kama mnyama.

Mimi nabuni michezo ya kuchezea mezani. Nikitoka shuleni na kumaliza vyombo, nakata katoni za sabuni, nachora njia kwa kalamu ya bic, vifuniko vya soda ndiyo kete zangu. Watu hudhani kazi hii ni kuchora, lakini zaidi ni kufuta. Ninawaita majirani wacheze, nakaa pembeni bila kusema neno, naangalia mkono wa mchezaji unasita wapi. Akikwama simwelezi. Ninajua kwamba sheria yangu ndiyo mbovu, nairekebisha, kesho nawaita tena. Nikimaliza ninamwuliza kila mmoja kwa nini alichagua alichochagua. Bila maswali hayo mchezo haukui.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote unafuata njia tuliyopita sisi wenyewe. Unaanzia Munigi, volkano iko nyuma yako. Unakimbilia Kalengera kwa ndugu, waasi wanatokea upande wa Bunagana, unarudi tena Goma. Una pikipiki, na pikipiki inabeba karata moja tu: godoro, sufuria, mbuzi, mashini ya kushona, ao muzee. Mashini inakupa chakula kila unaposimama. Muzee hakupi kitu, tena anakupunguzia mwendo. Kwa hiyo kila aliyecheza alimwacha muzee, na hilo lilinisumbua kama kosa la kazi. Karata ambayo hakuna anayeichukua ni karata iliyokufa. Nilitaka kujua nimpe muzee nguvu gani.

Babu yangu, baba yao mama na mjomba, alikuwa na mguu mbaya. Alifia Munigi jioni ile volkano iliposhuka. Mjomba alirudi kumchukua kwa pikipiki, akatukuta barabarani akiwa peke yake, analia, akasema moto umekata njia. Mashini yake ilipoonekana baadaye, alisema ilikuwa imelala mjini kwa rafiki yake. Tuliomboleza hivyo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumapili moja baada ya misa, mjomba alikuwa na furaha, akasema leo atatufilisi wote. Tulicheza watatu, na mama. Mjomba alichukua mashini bila hata kufikiri, akatushinda, akamtania mama kwamba na mbuzi wake atalala njaa. Tulicheka. Kisha mimi, kama nilivyozoea, nikamwuliza: kama pikipiki ingebeba karata mbili, angemchukua na muzee?

Akajibu huku anapanga kete, hata hakuniangalia. "Haiwezekani. Muzee wa muguu mubaya na mashini, havikai pamoja. Nilijaribu."

Mama aliweka karata zake chini. "Ulijaribia wapi?"

Mjomba akaendelea kupanga kete. Mama akamwuliza tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Si ulitwambia njia ilikatika?"

Mjomba aliziacha kete. Alinigeukia mimi. "Nani alikutuma kunichora?"

Naapa hakuna aliyenituma. Sikujua. Lakini tangu siku hiyo nyumba imekuwa chungu. Mama anapika kwenye brazero yake ya makaa, mjomba anakula chakula cha mke wake tu, na wakikutana mlangoni kila mmoja anasubiri mwenzake apite. Mke wa mjomba anasema nikiwa nafagia, ili nisikie: watoto wa wengine wanatafuta diplome, huyu anatafuta maadui. Binamu zangu walikanyaga kete zangu, wakaniita mchawi wa katoni. Nikisalimia asubuhi, ni paka tu anayegeuka.

Sasa mjomba ameita ndugu wote waje Jumapili. Anataka nichome mchezo mbele yao na kusema kwamba niliyabuni yote ili kumchafua, la sivyo mimi na mama tutafute pa kulala. Nilidhani mama atanitetea, naye pia amenitisha. Anataka niulete mchezo, nimpe mjomba karata mbele ya ndugu, nimwulize swali lile lile wote wakisikia. Anasema nikikataa, nimechagua mashini. Nilimwambia, mama, mimi nabuni michezo, sijengi mahakama. Alinitazama kama mgeni.

Na kibaya zaidi, nimeshapata nguvu ya muzee. Babu alikuwa ameona volkano ya zamani, alijua moto unapita mabonde gani. Mwenye muzee atafika penye njia iliyofungwa na kupita. Nimeijaribu na watoto wa avenue yetu, na kwa mara ya kwanza walimgombania. Mmoja alishinda naye. Ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, lakini mjomba akiiona atasema nimemhukumu mara ya pili. Nikiitoa karata yenyewe ili nyumba itulie, mama atasema hata mimi nimemwacha baba yake Munigi.

Bado naamini wawili hawa wanaweza kukaa tena meza moja, maana walicheka pamoja siku ile, nilisikia. Ninyi mnaosoma, wakubwa na wenzangu, niambieni bila kumtukana mama wala mjomba: Jumapili niingie mbele ya ndugu na nini mkononi?