Fundi Anayevuta Kila Mshono

Kila asubuhi, kabla hajagusa nguo ya mteja, shangazi yangu hushona kitambaa chakavu, akakishika huku na huku, kisha akakivuta kwa nguvu zake zote. Mshono ukishika, kazi inaanza. Ukifumuka, anasafisha mashine, anakaza uzi, anashona kingine na kukivuta tena. Sijawahi kumwona akiiruka hatua hiyo, hata siku ambayo bibi harusi alisimama mlangoni akilia.

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Kina cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na stuli yenye mguu mbovu ambayo hukaliwa na Mama Vifungo. Kazi ya Mama Vifungo ni matundu, vifungo na mapindo, na mdomo wake haulali. Mimi hukaa pembeni na kitabu changu, kwa kuwa pale hakuna anayenidai maneno.

Wateja wengi hawajui kwamba shangazi anatunga mashairi. Hutunga mguu ukiwa kwenye pedali, mizani ikienda na mashine. Ubeti ukikubali, huutamka kwa sauti ya chini, ukikataa, huufumua. Shairi analolipenda kuliko yote ni lile alilotunga kumkumbuka marehemu bibi yangu, aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano gizani. Shangazi alikuwa ametusomea mimi na Mama Vifungo tu. Tulimwambia ni zuri. Lakini sisi ni watu wake, tungesema nini kingine?

Siku moja akaona kwenye simu tangazo la shindano la ushairi la kimataifa, kuingia bure. Akalituma shairi la bibi. Wiki haikuisha, jibu likaja: limefika fainali, majaji wametokwa na machozi, sauti kama hii haijasikika kwa muda mrefu, litachapishwa kwenye diwani ya fahari. Shangazi alilisoma jibu akiwa amesimama, akakaa, akalisoma tena. Hajui kujisifu. Ila siku ile alishona mikono ya gauni nje ndani.

"Leo nimekaa na mshairi wa dunia," Mama Vifungo akasema. "Sasa nikuite nani, bibie? Mheshimiwa?"

"Niite ukimaliza hayo matundu."

Chini ya ujumbe palikuwa na maneno mengine. Ili ukurasa wake uhakikishwe, anunue nakala za diwani. Akitaka picha na wasifu, alipie. Nishani nayo ina gharama yake. Na kama ana mashairi zaidi, wangemtolea kitabu kizima, mradi achangie sehemu ya uchapaji. Nilisoma yote. Nilitaka kusema kwamba mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi, hamtozi. Nikamtazama uso unavyong'aa, nikarudi kwenye kitabu changu.

"Mbona umejificha kitabuni, mwanangu?"

"Shangazi, hawa watu... sina hakika nao."

"Hata mimi." Akachukua tepu yake ya kupimia. "Mama Vifungo, simama. Ngoja tuwavute."

Akampima kama anayemkatia gauni, na vipimo vyenyewe akaviandika kwa mistari mifupi mifupi: *Kiuno, ewe kiuno, nyonga zaja nyuma yako, bega moja limeshuka, ongeza pindo kidogo.* Akavituma kwenye shindano kwa jina la Mama Vifungo.

Jibu likaja. Fainali, machozi, sauti isiyosikika kwa muda mrefu, diwani ya fahari. Maneno yaleyale, mkato kwa mkato.

Mama Vifungo alicheka mpaka stuli ikalalamika. "Nyonga zangu zimewaliza majaji! Mume wangu lazima aisikie hii. Yeye kila siku anasema zimezidi!"

Shangazi alicheka naye. Kisha akaigeukia mashine, na kwa muda mguu wake haukukanyaga pedali. Sifa ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kumfikia kutoka kwa mtu asiye wake, naye ameifumua kwa mkono wake mwenyewe. Wapo ambao wangelipa ili wasijue. Majirani walipomuuliza kitabu kinatoka lini, hakutafuta kisingizio. "Hakitoki," aliwajibu. "Wale ni matapeli."

Sikutegemea atatuma tena. Lakini alianza kununua gazeti lenye ukurasa wa mashairi. Aliusoma kwa wiki kadhaa, akamtafuta fundi viatu ambaye shairi lake liliwahi kutoka humo, akamuuliza kama aliombwa pesa yoyote. Hakuombwa. Ndipo akalituma shairi la bibi.

Mhariri alimjibu kwa mkato: "Hatuwezi kulitoa hivi. Ubeti wa nne, mshororo wa pili umepungua mizani. Na ile sindano ya ubeti wa kwanza imepotelea wapi? Nimeisubiri hadi mwisho. Tengeneza, ulete tena."

Shangazi akaangua kicheko, meno yote nje.

"Mtu kakukataa, nawe unakenua?" Mama Vifungo akashangaa.

Mimi si mtu wa maswali, lakini hilo lilinishinda. "Shangazi, wale walikusifu mpaka machozi. Huyu amekurudishia shairi lako. Mbona huyu ndiye amekufurahisha?"

Mguu wake ulikuwa tayari kwenye pedali, unatafuta mizani ya ubeti wa nne.

"Huyu amelisoma," akasema.