Elieth Anajifunza Tetemeko

Ardhi ikianza kutetemeka ukiwa darasani na watoto wa watu, utabaki nao au utakimbia? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, tena kwa sauti, mbele ya walimu wenzangu: mwalimu wa kweli hubaki. Nilikuwa sijawahi kuona ardhi ikitetemeka.

Elieth anafundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi huku Ulyankulu, makazi ya zamani ya wakimbizi mkoani Tabora, ninakojitolea tangu nimalize chuo. Bibi yake, Leonia, alifika hapa mwaka 1972 akikimbia mauaji ya Burundi, mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye mama yake Elieth. Elieth kazaliwa hapa, kasomea Tabora mjini, na kwa muda mrefu ametaka jambo moja tu: kwenda kufundisha Kiswahili nje ya nchi. Nafasi ikatokea Japani, kwenye kituo kidogo cha lugha kinachopokea hata watoto. Alibakiza usaili wa mwisho, kwa simu ya video.

Mimi ndiye niliyemsukuma. Misafara ya zamani ilipita mkoa huu, watu wetu wakienda pwani na pembe za ndovu za watu wengine mabegani. Leo mtu wetu anaondoka na lugha yake mwenyewe, analipwa kwa anachokijua, halafu tumwambie akae? Nilimwambia hivyo huku nikipiga meza.

"Wewe Amon piga meza tu," alisema. "Kule meza zinajipiga zenyewe."

Alikuwa na hofu. Kila jioni aliangalia video za Japani: rafu za duka zinamwaga chupa, bahari inapanda barabarani na kubeba magari kama maganda ya karanga. Akimaliza, chakula hakipiti. Wasaili walishamdokeza swali: tetemeko likitokea ukiwa na wanafunzi, utafanya nini? Jibu alilijua. Watoto waingie chini ya meza, washike miguu ya meza, mwalimu abaki nao mpaka mtikisiko uishe.

Shida ilikuwa nyumbani. Bibi Leonia amelea watoto na wajukuu wote kwa sheria moja: ukisikia kishindo, mlango kwanza. Usitafute kiatu, usimwite mtu, usigeuke nyuma. Nimewahi kuona sufuria ikianguka jikoni kwao, na familia nzima ikawa uani kabla mfuniko haujaacha kuzunguka. Majirani hucheka. Wao hawacheki.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia siku niliyokwenda kumshawishi.

"Marahaba. Ndiye wewe unayempeleka mjukuu wangu kwenye udongo unaocheza?"

"Bibi, kule nyumba zimejengwa imara."

"Mimi nilikimbia watu. Watu huchoka, hulala, unawapita. Ardhi utaipitia wapi?"

Nikaaga, nikaenda zangu.

Elieth akaanza mazoezi na Darasa la Nne. Alipiga filimbi, watoto wakazama chini ya madawati wakicheka, naye akajikunja chini ya meza yake. Baada ya muda wakawa wanaucheza mchezo huo hata wakati wa mapumziko.

Jumatano mchana, nikiwa darasa la jirani, mabati yakaanza kulia. Nilidhani ni lori la tumbaku. Kisha chaki ikatambaa mezani, na sakafu ikanyanyuka chini ya viatu vyangu kama mgongo wa ng'ombe anayeamka. Nilishika dirisha, na kupitia dirisha hilo nikamwona Elieth katikati ya uwanja, anakimbia, mguu mmoja hauna kiatu. Mtikisiko ulipoisha nikakimbilia darasani kwake: watoto walikuwa bado chini ya madawati, kimya, kama alivyowafundisha. Peke yao.

Hakuna aliyeumia. Lakini jioni nilimkuta amekaa uani kwao.

"Nilikumbuka kwamba nina watoto wakati nimeshafika kwenye uzio," alisema. "Sikuwaza, Amon. Miguu ndiyo iliyowaza."

"Ilikuwa mara ya kwanza, dada."

"Kesho mchana ni usaili. Nitawaambia hapana. Niliwaacha hawa, nitapewaje wengine?"

Bibi Leonia alikuwa akichambua maharage. Hakumlaumu, hakumsifu. Alisema tu, "Leo tunalala nje." Na mimi mpiga meza nikaomba mkeka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naelekea darasani kwake kuomba chaki. Kabla sijafika mlangoni, mabati yakalia tena. Mtikisiko ulikuwa mdogo kuliko wa jana. Mlango ukabamizwa, Darasa la Nne lote likamwagika nje, likanipita kushoto na kulia, hakuna aliyegeuka nyuma. Somo la jana walikuwa wamelielewa vizuri.

Nikachungulia ndani. Elieth alikuwa chini ya meza yake, kakumbatia mguu wa meza, kafumba macho, jasho linamtiririka, anasema kwa sauti inayokatika, "Msitoke, wanangu. Niko hapa. Msitoke."

Madawati yote yalikuwa matupu.

"Ticha," nikamwita. "Wako nje. Wazima wote."

Akafumbua macho. Akayatazama madawati, kisha akanitazama mimi.

"Nimebaki?"

"Umebaki."

Akatambaa kutoka, akajipangusa vumbi magotini, akaelekea uwanjani kuwakusanya. Mlangoni akasimama.

"Mchana nina usaili," alisema. "Nishikie darasa."