Siku Neno Lilipogoma Kutoka

Enzi zetu pale Gede, mtu mzima hakuharakishwa kusema. Kila mmoja alikuwa na sauti yake ya kuvutia pumzi. Mamangu alisema "nanihii", jirani yetu Mama Kadzo alivuta "eeeh" ndefu mpaka tukacheka, na vijana waliowauzia Waitaliano vinyago kule Malindi walirudi jioni wakianza kila neno kwa "alora", hata wakiomba chumvi. Sisi watoto ndio tuliokatazwa. "Mtoto wa aa-aa-aa anatafuta uongo," Baba alizoea kusema. Basi tukajifunza kusema moja kwa moja, ama kunyamaza.

Alasiri moja mimi na mdogo wangu Salimu tulikuwa tukicheza kibe nyuma ya shamba la mihogo. Nilikuwa nimefumba macho, nikingoja ajifiche. Huko kulikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa mbao, nazo zilikuwa zimeoza. Nikasikia mbao zikikatika, kisha kishindo cha maji. Nikamwita. Kimya.

Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa barazani akipachika jembe mpini, Mama yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikafungua kinywa, likatoka "aaa... yule... nanihii..." Neno nilikuwa nalo, lakini halitoki. Nikamwona Baba anakunja uso, hofu ikazidi, na huku najua mdogo wangu anakunywa maji.

Mama aliinuka, akanishika mashavu kwa mikono iliyojaa nazi.

"Enhe," akasema taratibu, kana kwamba namsimulia ngano. "Enhe, mwanangu."

"Salimu," nikasema. "Kisimani."

Baba keshatoka mbio. Alishuka kwa kamba ya ng'ombe, Mama Kadzo na wanawe wakiishikilia juu. Salimu alikuwa ameng'ang'ania mzizi ukutani, maji yamemfika kidevuni. Alipopandishwa alitetemeka hadi magharibi bila kutamka kitu, na Baba akakaa kando yake, hamuulizi, anangoja tu. Tangu siku hiyo hakutukemea tena tukisita.

Siku hizi wanangu husema "laiki" ya Kiingereza mara kadhaa kabla ya kuomba maji, nami huwatania. Lakini ninawaonea huruma pia. Sisi tulipokwama, kulikuwa na mtu wa kututazama usoni hadi tumalize. Wao wakinyamaza kidogo tu, kila aliye karibu ameshainamia simu yake.