Nta Nyekundu

Nyinyi wajukuu mtakaosoma haya, msinicheke. Shule niliiachia darasa la tatu. Haya sikuyasoma popote, niliyaona kwa macho yangu, tena kosa lilikuwa langu.

Mimi ni mke wa askari. Kambini, sakafu ya simenti tuliipaka nta nyekundu kila Jumamosi, tukaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka unaona meno yako. Sakafu isiyong'aa, mwenye nyumba alisemwa bombani mbele ya wenzake. Mzee alipostaafu tukajenga hapa Mbuya, nami nikaja na kopo langu la nta.

Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu, nyumba nzima tuliipumulia polepole.

Jumamosi hiyo wanawake wa kanisa walikuja kumwombea. Wakavua viatu mlangoni kama ilivyo desturi, wakaingia na soksi. Mmoja akateleza, akadaka ukuta.

"Mama, sakafu hii itatuvunja," mkwe akaninong'oneza jikoni. "Nitandike mkeka?"

"Mkeka juu ya kazi yangu? Tembea kama mke wa watu, usitembee kama bata!"

Wageni walinisikia, wakacheka. Naye akacheka, maskini, akabeba chupa ya chai.

Hapa kwetu mgeni hupewa chai kwa magoti. Alipoanza kupiga goti, mguu ukakimbia mbele peke yake. Akaanguka kwa nyonga. Chupa ikapasuka. Hakulia, alishika tumbo tu.

"Mama, mtoto hachezi."

Wanawake wakaanza kuomba kwa sauti. Nikawaambia, "Nyamazeni, ombeni moyoni!" Nikamlaza kwa ubavu wa kushoto, mwanangu akakimbilia gari la jirani. Kiganja changu kilikuwa juu ya tumbo lake. Kimya. Gari likaja, tukampakia, bado kimya. Tulikuwa tumeshateremka kilima nilipohisi teke, dogo, kisha lingine lenye hasira.

"Umesikia, Mama?"

Nikauchukua mkono wake, nikauweka pale pale.

Hospitalini daktari alimpima, akasema mtoto mzima, lakini mama abaki wamwangalie. Nikarudi nyumbani peke yangu. Nikawakuta wale wanawake wote wamesimama mlangoni, wananingoja nilie.

"Mtoto mzima," nikawaambia. "Sasa chemsheni maji. Leteni sabuni ya unga na brashi ngumu. Nta yote itoke leo, na mimi napiga magoti wa kwanza."