Saba kwenye Mlango wa Darasa

Karatasi ya matokeo ya kura ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa darasa. Niliisoma mara tatu kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Kando ya jina la mwenzetu palikuwa na saba.

Sisi akina mama wa kikundi cha chemchemi tulikuwa ishirini na mmoja, na sote tulipigia kura katika shule hiyo, huku karibu na Matulo. Mwenzetu huyo ndiye aliyetukusanya tukajenga ukuta ng'ombe wasichafue maji. Ndiye aliyetuongoza tukaketi nje ya zahanati siku nzima mpaka tukaahidiwa muuguzi. Tulipomwomba agombee uwakilishi wa wadi, alitoa sharti moja: hatagawa kitu, wala hatafanya kampeni matangani.

Mume wangu alifia Kitale kampeni zikiwa zimepamba moto. Mpinzani wa mwenzetu ndiye aliyetoa gari la kuleta mwili nyumbani, akaleta na hema na viti. Siku ya mazishi aliongea kuliko mchungaji. Mwenzetu alikuwa jikoni tangu alfajiri. Aliyeshika maikrofoni akamwita, "Mama mgombea, njoo usalimie wananchi!"

Alitokea na mwiko mkononi, unga mpaka kwenye viwiko.

"Mimi nimekuja kumzika jirani yangu. Ya kura tutaongea siku ingine."

"Ati mheshimiwa wa sufuria!" shemeji yangu alisema, watu wakacheka. "Kama hata viti hana, bana, wadi ataiweza?"

Mimi sikucheka. Wala sikumtetea.

Wageni walipoondoka, yeye alibaki. Alikaa nami mpaka siku ya wafiwa kunyolewa nywele, akinilazimisha kunywa uji kama mgonjwa.

Sasa alinikuta pale mlangoni. Alisoma, akarudi nyuma hatua moja, akasoma tena.

"Saba? Dada, hata sisi wa chemchemi hatukufika nusu?" Kisha akanishika bega. "Wewe najua ni mmoja wa hao saba."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu ambaye angejua.

"Si mimi," nilisema.

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha asiyoijua.

"Niliingia nikitaka kukuchagua," nilimwambia. "Nilipoinama na ile kalamu, nikaona lile gari. Nikaona mume wangu anashushwa hapa nyumbani, hakubaki kule mochari. Nikaweka alama kwa mwenye gari."

Mpaka leo nikiutazama mkono huu wa kulia nashangaa. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenihonga siku hiyo. Yule mtu hata hakuwa amenikumbusha.

Mwenzetu aliketi kwenye ngazi ya darasa, akavua kitambaa cha kichwa, akakiweka magotini.

"Na mimi gari ningelitoa wapi, dada?"

Hakuwa akinigombeza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akangoja. Nikaketi kando yake kwenye ngazi.