Meno Mapya ya Sayrakan

Asubuhi ile, katika kliniki moja mjini Naryn, Sayrakan alijitazama kwenye kioo akacheka peke yake. Meno! Safu mbili nzima! Kwa miaka miwili mjane huyu wa mwalimu mkuu alikuwa akichovya mkate kwenye chai na kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio, watu wasije wakasema nyumba ya mwalimu imechakaa.

"Wiki ya kwanza vitu laini tu, bibi," daktari alimwonya. "Na utafune pande zote mbili."

Vitu laini! Adhuhuri hiyohiyo alikuwa mgeni wa heshima kwa wakwe wapya, waliomposa mjukuu wake. Mwanamke mkubwa kwa umri kuliko wote hukabidhiwa kiuno cha kondoo, na asipokila huwa amewadharau wenyeji.

Garini uvumilivu ulimshinda. Akachomoa mfukoni kuruti, kidonge cha maziwa makavu kigumu kama kokoto, akakitia mdomoni. Kach!

"Mama! Ndivyo vitu laini hivyo?" bintiye Nurzat alimaka, nusura aachie usukani.

"Nayajaribu."

"Umeyavunja?"

"Mazima. Ufizi ndio unawaka moto."

"Basi turudi. Tutasema unaumwa."

"Thubutu! Marehemu baba yako hakuwahi kukimbia mwaliko. Kanyaga mafuta!"

Mwenyeji wao, Batma, mwanamke wa makamo yake, alimwekea kiuno kile mbele. Watu wote wakamtazama. Sayrakan alikata kipande chembamba, akatafuna kulia, akatafuna kushoto, machozi yakimlengalenga. Mara meno yakalia: ta!

Angeweza kujifanya anakohoa. Badala yake aliinua kichwa.

"Meno mapya hayo. Nimevishwa leo asubuhi, bado hatujazoeana."

Kicheko kililipuka. Akameza, akakata kipande cha pili. Nyama! Utamu wake alikuwa ameusahau!

Batma alisogea, akateremsha mtandio wake. Ufizi mtupu.

"Mkwe wangu, mimi napika, wenzangu wanakula. Hayaumi?"

"Yanauma ukiwa kichwa ngumu kama mimi. Jumanne narudi kwa daktari, nitakupitia."

"Jumanne ya nini? Kesho kuna nini?"

"Kesho bado nitakuwa nakula huyu kondoo wako!"

"Nitakufungia nyama mfukoni," Batma alisema, akimpigia kelele mwanawe amtafutie viatu vya safari. "Kesho asubuhi, mkwe. Nitakuwa nimesimama barabarani."